Mama Nukta Anaaga Chumba cha Usanifu

Ijumaa hii, tarehe 30, Mama Nukta anastaafu baada ya miaka thelathini na moja, miezi minne na siku tisa katika kiwanda chetu cha vifungashio. Siku hizo tisa amesisitiza mwenyewe ziandikwe. Anasema alizifanyia kazi.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, eti, hakuna aliyegombana naye kunizidi. Sibishi. Mimi ni fundi wa mashine ya kukata maboksi, huku chini kwenye kelele; yeye yuko juu, kwenye feni na mapazia. Alichochora juu ndicho nilichokata chini, na kati yetu kuna ngazi kumi na saba ambazo tumezipanda na kuzishuka tukiwa tumenuna miaka yote hii.

Alianza kama kibarua wa kupaka gundi. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, watu waliizunguka kwa mbali, kila mmoja akimsukuma mwenzake mbele. Yeye alivuta kiti akakaa. Haukupita mwaka akawa anachora maboksi ya sabuni, ya viatu na ya balbu, na lile la biskuti lililotuletea cheti kinachoning'inia hadi leo karibu na birika la chai. Cheti kimefifia kwa mvuke, lakini ole wako ujaribu kukihamisha.

Jina la Mama Nukta lilikuja baadaye. Miaka kumi na miwili iliyopita, mteja wetu wa dawa alitaka kila boksi lake liwe na jina la dawa kwa nukta nundu, yale maandishi ya vidoti vilivyoinuka ambayo wasioona huyasoma kwa vidole. Mama Nukta aliingiza fonti yake kwenye programu ya usanifu, akaandika jina, vidoti vikajipanga kwenye skrini. Huku chini nikatengeneza bamba la kuvibinua kwenye kadibodi. Boksi la vidonge thelathini likatoka safi kabisa, tukapeana mikono. Tulidhani tumemaliza kazi, maskini sisi.

Kisha likaagizwa boksi dogo, la vidonge kumi. Mama Nukta alifanya tunachofanya kwa kila mchoro: alichagua kila kitu kwa pamoja akakipunguza hadi kikaenea. Picha ikaenea, herufi zikasomeka, na vidoti navyo vikapungua. Kwa macho vilipendeza sana. Shida ni kwamba nukta nundu zina kipimo chake, kinachofuata ncha ya kidole, na kidole cha mtu hakipungui kwa sababu boksi limepungua. Tulikagua mzigo ule watu watano, na wote watano tulikagua kwa macho.

Wiki sita baadaye mama mmoja, mwalimu mstaafu asiyeona tangu utotoni, alifika mapokezi na mpwa wake, aliyekuwa amesoma anwani yetu chini ya boksi. Tangu siku hiyo tunamwita Mwalimu. Alikuwa anatumia dawa mbili za kampuni moja, ya presha asubuhi na ya usingizi usiku, na maboksi yake yalifanana kama mapacha. Miaka yote mpwa wake ndiye aliyepita kumtenganishia. Sasa mpwa alikuwa anaolewa na kuhamia mji mwingine, na ukoo ulikuwa umeshakaa kikao: kama mama hawezi kutofautisha dawa zake, nyumba ifungwe, ahamie kwa kaka yake.

Mwalimu hakutaka hata kusikia. Nyumba ile aliijenga kwa mshahara wake wa chaki na anaijua hadi msumari. Akaomba miezi mitatu awaonyeshe kwamba maboksi yenye nukta yanamtosha. Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, duka la dawa likampa yale maboksi yetu madogo. Akameza ya usingizi asubuhi, akalala mezani hadi jirani alipokuja kugonga mlango saa nane mchana.

Hakupaza sauti. Aliweka boksi kubwa na boksi dogo mbele ya Mama Nukta, akasema hili linaongea na hili linanung'unika tu, na yeye amebakiwa na mwezi mmoja.

Sasa niseme lililonikaa kooni. Bamba la boksi dogo nililitengeneza mimi. Niliona vidoti vimesongamana, nikajiambia hayo ni mambo ya watu wa juu, hayanihusu. Kwenye kikao cha kiwanda Mama Nukta alisimama akasema kosa ni lake, yeye ndiye aliyepunguza mchoro. Hata hakugeuka upande wangu, nami nikanyamaza kama niliyemwagiwa maji. Mama Nukta, tangu siku ile nimekununulia chai nyingi sana badala ya kukuomba radhi. Leo nakuomba radhi, mbele ya wote.

Maboksi yalirudishwa na mapya yakachapwa kwa siku nne. Ya kwanza Mama Nukta alimpelekea Mwalimu kwa mkono wake mwenyewe, akakaa naye hadi aliposoma yote mawili bila kusita. Mwezi wa tatu ukapita salama, na ukoo ulipokaa tena haukuwa na la kusema.

Baada ya hapo Mama Nukta akaamua kujifunza kusoma kwa vidole, na hapo ndipo tulipoteseka. Kila saa ya chakula alijifunga kitambaa machoni na kupapasa kadibodi. Siku moja mkurugenzi aliingia kimyakimya na kuinama mezani kutafuta faili. Mama Nukta akanyoosha mkono kuchukua sampuli, akashika tai ya bosi, akaisugua vizuri na kutangaza kwamba malighafi hii ni duni, irudishwe ilikotoka. Tai ile hatujaiona tena.

Siku hizi nukta nundu zinakaa kwenye tabaka lake peke yake ndani ya mchoro, nalo limefungwa; punguza boksi utakavyo, zenyewe hazitikisiki. Jina lisipoenea, boksi ndilo linaloongezwa, na mteja akilalamika anapelekwa kwa Mama Nukta, ambaye humpa kiti, chai na hapana. Wala hakuna boksi la dawa linalotoka bila kupita kwenye vidole vya Mwalimu. Ameajiriwa kama mkaguzi, na kwa ukali hana mpinzani.

Taarifa ya kustaafu ilipobandikwa, Mwalimu alimwuliza waziwazi: ukiondoka wewe, nani atasema hapana? Umri wa Mwalimu unakwenda, vidole vimeanza kufa ganzi asubuhi za baridi, na maboksi anayoyategemea nyumbani ni haya haya yetu. Wiki ile hata mimi sikuwa na hamu ya kumtania.

Anayemrithi ni msanifu tunayemwita Kimya, kwa kuwa anaweza kumaliza wiki bila kuvuka salamu. Mwezi huu Mama Nukta alichora boksi lake la mwisho, akalipitisha, akasaini fomu. Kimya alichukua sampuli, akaikunja, akafumba macho na kupapasa. Herufi ya mwisho ilikuwa imeangukia kwenye mkunjo: kadibodi ikiwa bapa inasomeka, boksi likisimama nukta zinalala. Alikaa na jambo hilo siku nzima, maana unaanzaje kumwambia aliyekufundisha kazi kwamba amekosea, tena wakati anaagwa? Saa kumi jioni akamsogelea, akaweka boksi mbele yake, akasema samahani mama, hili haliendi.

Nilikuwepo, nimepanda kugombana kuhusu jambo lingine. Mama Nukta alipapasa, akapapasa tena. Akachukua kalamu nyekundu, akaikata saini yake mwenyewe. Kisha akalia, wala hakujificha. Alipopata sauti alimpigia Mwalimu simu kumwambia kwamba mtu wa kusema hapana amepatikana.

Boksi lilisogezewa maandishi milimita tatu, na Mwalimu akalipitisha Jumatatu.

Asante, dada yangu, kwa kila boksi ulilonirudishia na kila ngazi uliyonipandisha. Nenda ukapumzike, uchelewe kuamka, ugombane na wajukuu badala yangu. Miaka iliyo mbele yako iwe mingi na ya raha. Na usihangaike na sisi: Mwalimu yuko nyumbani kwake, ufunguo anao mwenyewe, na asubuhi ya leo amemeza dawa iliyo sahihi.