Daftari la Mtihani

Kwenye basi, mbele yangu, wakili anayetetea vijana bure mahakamani alishindwa kutulia. "Mama, nimeshinda! Polisi kaapa kamwona binti akiiba dukani saa nne asubuhi. Nikatoa daftari la mahudhurio ya mtihani shuleni kwake: sahihi ya binti, siku ileile, saa nne ileile! Hakimu kamwachia!"

"Mnatetea wezi tu, mwanangu," akajibu abiria aliyekaa naye, mama aliyepakata sare ya shule iliyopigwa pasi.

"Huyu hakuiba!"

"Wote husema hivyo." Sauti yake ilimfikia hata dereva, ambaye hakuwa ameuliza.

Basi likasimama. Mama akainuka, akapiga hatua mbili, akageuka. "Usidhani nimekubali. Ila hilo daftari… mzazi akiliomba, walimu wanampa?"