Isidore Bulonza na Kofia ya Kapita

Papa Isidore Bulonza, ambaye leo Ijumaa tarehe 21 Agosti 1959 tunamsindikiza hapa Bukavu, alizaliwa Luhwindja tarehe 12 Machi 1919. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu Papa Grégoire Bulonza, mchimba dhahabu, na wa Maman Rosalie, ambaye Mungu amemwacha hai hata amzike mwanawe. Maneno haya yameandikwa na familia, na anayeyasoma ni mdogo wake, Honoré.

Wengi mliomfahamu mjini mnadhani alizaliwa na ulimi mwepesi. Sivyo. Nyumbani aliitwa mtoto wa kimya. Jioni baba yake aliporudi kutoka machimboni na kuanza kueleza yaliyompata siku ile mikononi mwa kapita, yule msimamizi mweusi aliyewekwa juu ya wachimbaji wenzake, Isidore alikuwa akimtazama baba mdomo na mikono bila kupepesa jicho. Chakula kilipoa mbele yake.

Mwaka 1928 alipelekwa shule ya misheni. Krismasi ya mwaka 1931 mapadri walitayarisha mchezo, naye akapewa nafasi ya mwenye ukoma. Walimpaka uji wa mtama na majivu mpaka akaonekana vidonda vitupu. Siku hiyo mama yake alikuwa ametoka Luhwindja kwa miguu kuja kumwangalia, na hakuna aliyemweleza mchezo ni kitu gani. Alipomwona mwanawe juu ya mbao, anatambaa, anaomba maji, hakungoja mwisho. Alipita katikati ya viti vya mapadri, akapanda, akamfunika kwa kitambaa chake, akasema kwa Mashi, lugha ya kwetu, kwamba hamwachi mtoto mgonjwa mahali watu wanapomtazama tu bila kumpa maji. Mchezo ukaishia hapo. Padri mkuu alikasirika, wanafunzi wakamcheka Isidore mwaka mzima, naye akaapa kwamba hatasimama tena mbele ya watu. Alimaliza shule mwaka 1936, amepata cheti, na kiapo chake amekishika.

Mwaka 1937 alishuka Bukavu, wakati huo mji ukiitwa Costermansville, akapata kazi katika depo ya magome ya kankina, miti ile inayotoa dawa ya malaria. Alianza kwa kubeba magunia, akafika kuwa karani wa mizani. Alifanya kazi hapo depo miaka ishirini, na wenzake wa depo, ambao leo ndio wamebeba jeneza lake, ni mashahidi kwamba hakumwonea mtu.

Tarehe 22 Julai 1944 alifunga ndoa na Maman Adélaïde, binti wa seremala wa mtaa wa Kadutu. Walipata watoto watatu: Camille, Eulalie na Martine. Ilikuwa nyumba ya utulivu, na Maman Adélaïde mwenyewe anasema utulivu ule wakati mwingine ulimchosha. Mume wake alirudi kazini, akala, akakaa. Ukimwuliza habari za siku, anajibu, "Njo vile tu," yaani ni kama kawaida.

Ni yeye Maman Adélaïde aliyemtoa nyumbani. Jumapili moja ya mwaka 1955, baada ya misa ya pili, alimlazimisha waende kwenye uwanja nyuma ya karakana ya parokia, pale Kadutu, ambapo kundi la wafanyakazi lilikuwa likicheza kisa cha majirani wawili wanaogombania kuku. Viti vilikuwa mabenchi ya shule, pazia lilikuwa mashuka mawili. Isidore alikaa mikono imefungwa kifuani. Lakini njiani kurudi, yeye ambaye hakuwa na maneno, alisema peke yake toka karakana mpaka mlangoni kwake.

"Ule mwenye kucheza muzee, sauti ilikuwa ya muzee, lakini mikono ilikuwa ya kijana. Muzee hashike fimbo vile. Na ule wa kuku, alicheka mbele ya kuambiwa neno la kuchekesha."

Maman Adélaïde alimwacha amalize. "Basi Jumapili enda uwaonyeshe."

Alikwenda. Aliyeongoza kundi lile alikuwa Marcellin, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Kifaransa kizuri na kicheko cha karibu. Alimpa Isidore nafasi ya mama mkwe, kwa sababu wanawake hawakuruhusiwa na waume zao kucheza. Isidore aliazima kitenge cha bibi yake, Maman Adélaïde, bila kusema. Alipotoka nyuma ya mashuka, watu walilia kwa kucheka, na Maman Adélaïde, aliyekuwa benchi la mbele, alimgeukia jirani yake akasema polepole, "Ule mutembeo ni wangu." Jioni hiyo walicheka wawili mpaka watoto wakatoka kitandani kuja kuuliza kuna nini. Kitu alichokizika akiwa na miaka kumi na miwili kilikuwa kimefufuka, na kilimfanya kijana. Alianza hata kuimba akinyoa ndevu.

Yeye na Marcellin wakawa kama mapacha. Martine alipozaliwa mwanzoni mwa mwaka 1956, Marcellin ndiye aliyemshika kisimani kanisani, akawa baba yake wa ubatizo. Na katika mwaka huo huo Isidore alitunga mchezo wake mwenyewe, Kofia ya Kapita. Ni kisa cha mchimbaji mwema aliyepewa kofia awasimamie wenzake. Kila siku kofia inamkaza kichwa zaidi, mpaka anampiga fimbo baba yake mzazi, na anapotaka kuivua, haivuki. Kila neno la baba katika mchezo ule lilitoka mdomoni mwa Papa Grégoire. Isidore alicheza baba, Marcellin akacheza kapita. Waliucheza Kadutu, wakaucheza Bagira, wakaupeleka Luhwindja. Kule wachimbaji wazee hawakupiga makofi. Mmoja wao akamkaribia Isidore akamwuliza nani alimwambia habari za fimbo ile.

"Baba yangu," alijibu.

"Alisema kweli," mzee akasema, akamshika mkono.

Kulikuwa na neno moja ambalo halikusikika popote katika michezo hiyo. Wakijizoeza nyumbani kwa Isidore, yeye, Marcellin na Maman Adélaïde peke yao, Isidore alitia maneno haya kinywani mwa baba: "Siku mwenye kofia atarudia kwabo, kofia tutaipandia mboga ndani." Walicheka, maana mwenye kofia hakuwa kapita bali mzungu aliyemvika. Kisha Maman Adélaïde akasema, "Hiyo usiitoshe inje ya mulango." Wakakubaliana kuliacha, na likaachwa.

Mwezi wa Julai 1957 Isidore aliitwa kwenye ofisi moja ya serikali. Mzungu aliyemhoji hakumwuliza habari za kapita wala za fimbo. Alimsomea, kwa Kiswahili kibovu, neno moja tu: habari za kofia kupandwa mboga. Akamwuliza mwenye kofia ni nani, na anakwenda kwao wapi.

Isidore alitueleza baadaye kwamba hakusikia maswali yaliyofuata. Alikuwa anarudi kwa akili chumbani kwake, anawaangalia waliokuwamo. Yeye hakusema. Bibi yake asingesema. Hapo, alisema, alibaki mtu mmoja tu. Walipomwuliza kama ana shahidi wa kumtetea, hakutaja jina. Alisema hana.

Alifukuzwa kazi, akahamishwa kwa nguvu mpaka Shabunda, akakaa huko mwaka mmoja na nusu, akikata njia msituni katika mvua. Kifua chake kiliharibikia huko. Lakini si mvua iliyomsumbua zaidi. Barua zilifunguliwa, kwa hiyo hakuweza kumwandikia bibi yake jambo alilolijua. Na Maman Adélaïde, aliyekuwa akikaanga mikate na kuiuza ili watoto wale, hakujua. Marcellin alikuja nyumbani kila Jumamosi. Alileta sukari na sabuni, akakaa, akamsikitikia, akasema, "Nitasema na wakubwa, maman, tuvumilie." Wakati huo alikuwa ameshaacha ualimu, amepewa meza ofisini na nyumba ya matofali. Maman Adélaïde alimshukuru. Alimwombea kila jioni pamoja na watoto, jina lake likifuata jina la mume wake.

Isidore alirudi mwezi wa Januari 1959, siku ya Jumamosi, bila mtu kupashwa habari. Mlangoni alikuta viatu vyeusi ambavyo si vyake. Ndani, Marcellin alikuwa mezani anakula, na Martine, ambaye hakumkumbuka baba yake, alikuwa amepakatwa naye.

Marcellin alisimama. "Karibu nyumbani, ndugu yangu," akasema.

Isidore aliweka mzigo chini. Alimwambia, "Asante. Maliza kula." Akaenda kukaa uani mpaka mgeni alipoondoka. Ndipo alipomwita bibi yake na kumwambia ni neno gani lilisomwa ofisini. Maman Adélaïde hakuuliza mara ya pili. Alisimama, akachukua sukari yote iliyobaki, akaipeleka kwa jirani, kwa maana sukari haina kosa. Kisha akarudi, akakaa karibu na mume wake, akasema, "Mwaka muzima nilimupikia."

Mwezi wa Aprili tulisikia kwamba kundi linacheza tena Kofia ya Kapita, mbele ya wakubwa, katika ukumbi wenye viti vya kweli. Isidore alitaka kuona. Alikwenda na mdogo wake Honoré, wakakaa nyuma, Isidore kitambaa mdomoni kwa ajili ya kikohozi. Jina lilikuwa lile lile. Lakini sasa kapita alikuwa mtu wa maendeleo, kofia ilimkaa vizuri, na baba alikuwa mlevi mvivu anayestahili fimbo. Marcellin ndiye aliyecheza baba. Aliyatumia maneno ya Papa Grégoire, mkao wake, namna yake ya kufuta jasho, na ukumbi ukacheka. Isidore hakutoka. Alivumilia mpaka mwisho. Nje alishika ukuta, akasema, "Kazi walichukua, ni sawa. Lakini baba pia wamenipokonya."

Tangu siku hiyo hakutoka tena kitandani ila kwa kushikwa. Daktari alisema mapafu yote mawili yameliwa. Tulidhani pia kwamba mchezo haungetajwa tena katika nyumba ile. Lakini Jumapili moja wenzake wa depo walikuja kumsalimia, na mmoja wao akasema, "Papa Isidore, ile ya kweli tunaanza kuisahau. Utufundishe." Alikataa. Juma lililofuata walirudi, nao wakaanza kuucheza wenyewe uani, chini ya dirisha lake, wakikosea. Hakuweza kuvumilia makosa. "Hapana, fimbo inashuka pole," tulimsikia akisema kutoka kitandani. "Kapita anaona haya. Kama haoni haya, hakuna mutu atalia."

Akawafundisha mwezi mzima, kwa sauti iliyobaki. Mwishoni mwa Julai walicheza uani kwake, mchana, bila mashuka, na nafasi ya baba ilichezwa na Maman Adélaïde, kwa kuwa yeye ndiye aliyeyajua maneno yote. Isidore alitolewa nje na kitanda chake. Uso aliokuwa nao siku ile tuliujua. Ndio ule wa jioni ya kitenge.

Watu walipotawanyika, Marcellin alikuwa amesimama kwenye ua. Hatujui alifika saa ngapi. Alisogea mpaka kitandani.

"Walisema ni mimi ao ni weye," alisema. "Niko na batoto, Isidore."

"Mi pia niko nabo. Moja ulimushika kisimani."

"Ningefanya nini?"

"Ungekuja kuniambia. Tulikuwa tunaambiana yote."

Marcellin alilia. Akaomba asamehewe. Isidore alimwangalia muda mrefu, kama alivyokuwa akimwangalia baba yake zamani, kisha akasema, "Nimechoka. Rudia kwako." Hawakuonana tena.

Papa Isidore aliaga dunia nyumbani kwake Kadutu, Jumatano tarehe 19 Agosti 1959, saa tisa mchana, baada ya kupokea sakramenti, mkono wake ukiwa mkononi mwa bibi yake. Alikuwa na umri wa miaka arobaini.

Tumeombwa, kwa nia njema, tuseme hapa kwamba marehemu alimsamehe kila mtu. Familia imekaa na jambo hilo kwa siku mbili. Hatukumsikia akisamehe, wala hatukumsikia akilaani. Maneno mengine yamekwisha kutiwa kinywani mwake na watu wengine, nasi hatutaongeza yetu. Tunajua kwamba Marcellin yuko hapa kati yetu. Aliomba kushika jeneza, na Maman Adélaïde amekataa. Amesema pia kwamba mtu asimfukuze. Asimame, asikie, atupe udongo wake kama wengine.

Marehemu ameacha mama yake, Maman Rosalie. Mjane wake, Maman Adélaïde. Watoto wake Camille, Eulalie na Martine. Mdogo wake Honoré. Na wachezaji wa depo, ambao wametuambia kwamba Jumapili watacheza.

Isidore, mwana wa Grégoire, umesema yako yote. Ardhi ikupokee pole, na Mungu akupe kupumzika kwa amani.