Jogoo wa Mtani na Funguo za Bi. Josephina

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Josephina Mwanisawa anastaafu, baada ya kuitumikia kampuni yetu ya bima, Ngao ya Magharibi, kwa miaka ishirini na tisa. Hiyo ndiyo taarifa rasmi. Sisi tunaokaa naye chumba kimoja katika tawi la Mpanda tumeipokea kwa tahadhari. Tuliomba kuiona barua, tukaukagua mhuri, na Meneja wetu, Bw. Deusdedit, akapiga simu makao makuu kuuliza kama ni kweli. Bi. Josephina aliposikia hivyo alifurahi kuliko alivyoifurahia barua yenyewe. Ndivyo alivyotulea: kitu kikija kimenyooka sana, kigeuze uone upande wa pili.

Alianza kazi Sumbawanga mwaka 1997 akiwa mpiga chapa, kisha akaletwa Mpanda, ambayo enzi hizo ilikuwa wilaya tu ya Mkoa wa Rukwa. Ofisi ilikuwa chumba kimoja karibu na stesheni ya reli, na magari ya watu binafsi mjini yalijulikana kwa majina ya wenyewe. Watu waliishuku bima. Walisema ni kazi ya kupokea pesa ukiwa mzima na kukuuliza maswali ukiwa hospitali. Bi. Josephina naye aliwashuku watu, kwa hiyo walianza wakiwa sawa, na nadhani ndiyo maana wakaelewana.

Hakuwahi kuuza bima akiwa amekaa kwenye kiti. Ukileta gari atalizunguka, atapiga magoti uchochoroni aangalie chini, atakuomba uwashe taa zote hata ile ya ndani ambayo hujaikumbuka tangu ulinunue. Ukitaka bima ya nyumba ataanzia jikoni, atauliza nani alivuta nyaya za umeme na kama huyo fundi bado anaonekana mjini. Baada ya hapo ataenda kwa jirani kuomba maji ya kunywa, na jirani ndiye atakayemweleza habari za nyumba yako. Stika ya bima ya gari aliihakiki kwenye simu kila alipoiona, pamoja na zile alizozibandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna bwana wa Karema aliyetuma picha za nyumba nzuri ya matofali akisisitiza akatiwe bima wiki hiyohiyo. Haraka ile ilimtia wasiwasi Bi. Josephina. Akaomba picha moja zaidi, iliyopigwa kutoka mlangoni kuangalia nje. Picha haikuja, akaifuata mwenyewe. Alikuta maji ya Ziwa Tanganyika yamefika kwenye ngazi, na mwenye nyumba anampokea mgeni huku amekunja suruali hadi magotini.

"Maji yatarudi tu, mama," alisema yule bwana.

"Yakirudi na mimi nitarudi," akajibiwa.

Na kuna Libérate wa Mishamo, mteja wetu hadi leo, aliyekatia gari lake bima ya matumizi binafsi. Bi. Josephina alimkuta siku ya gulio, gari limejaa watu na magunia ya maharage juu. Akamweleza kwamba bima ya gari binafsi hailipi gari linalobeba abiria kwa nauli, hata liwe limekatiwa bima kubwa namna gani, na siku ya ajali atabaki peke yake. Libérate akasema wale wote ni ndugu zake. Bi. Josephina alipowatazama mmoja mmoja, akaongezewa maelezo: "Sisi watu wa Mishamo tuna ukoo mkubwa." Alicheka njia nzima kurudi Mpanda, lakini kesho yake bima ilibadilishwa.

Tungeweza kuishia kwenye vichekesho vya namna hiyo. Lakini mtu akiuliza Bi. Josephina alifanya nini hapa Mpanda, sisi tutamsimulia habari ya gari la Venant, aina ya Noah.

Venant ni mwalimu, Mnyamwezi wa hapa Shanwe, ila alikulia Dar es Salaam kwa mjomba wake. Aliporudi na Noah yake alitaka bima ndogo kama kila mtu. Bi. Josephina alimkalisha chini. Bima ndogo, alimwambia, inamlipa yule utakayemgonga. Gari lako likiungua, likipinduka au likiibwa, hiyo haikujui. Venant akaelewa, akachukua bima kubwa. Miezi michache baadaye baba yake alifariki, na siku ya pili ya msiba Noah ikatoweka.

Ilikuwa imeegeshwa nyuma ya turubai, funguo zikiwa kwenye swichi, maana ilitumika kufuata maji na kupokea wageni stendi. Venant alikimbilia polisi, akaandika maelezo kwamba ameibiwa, akachukua RB, ile namba ya taarifa, akaja kwetu kudai fidia. Makao makuu nao wakatusukuma tulimalize dai hilo upesi.

Bi. Josephina akajifunga khanga akaenda msibani. Hilo peke yake lilituudhi, kwa sababu mkaguzi haruhusiwi kula kwa mtu anayedai. Yeye alikaa huko siku kadhaa, anachagua maharage na akina mama, anakula ugali wao. Habari zikafika ofisini. Deusdedit aliniita pembeni akaniuliza kama nimewahi kusikia kwamba ana undugu na ile familia. Nilimjibu sijasikia, ila na mimi nikaanza kuwaza. Mwanamke anayekataa hata soda ya mteja, leo anapakuliwa sahani msibani? Tulimshuku, na sioni haya kusema hivyo, kwani mwalimu wetu wa kushuku alikuwa nani?

Kumbe kule alikuwa ameona jambo. Hakuna aliyekuwa akimpa Venant pole ya gari. Katika msiba wa Mpanda ukipoteza hata ndala utapewa pole na ukoo mzima, lakini hapa Noah imeondoka na watu wako kimya. Bi. Josephina akiitaja, akina mama wanatazamana na kuinamia sufuria. Akajua gari limefichwa na familia nzima inafahamu lilipo. Kwa akili ya mtu wa bima, huo ni wizi wa kupanga, na moyo ulimuuma kwa sababu yule kijana ni yeye aliyemshawishi achukue bima kubwa.

Kilichomzuia asiandike ripoti ni jogoo. Kitoweo kilikuwa kimekwisha, wanaume wametumwa sokoni, na wakati huohuo nyuma ya jiko kuna jogoo mweupe, mnene, amefungwa mguu, analishwa mtama. Alimuuliza Scola, shangazi yake Venant, kama yule jogoo ni mgonjwa.

"Huyo hachinjwi, dada," Scola akasema. "Huyo wa mtani. Akileta gari ndiyo anapewa."

Hapo mambo yakafunguka. Marehemu alikuwa na rafiki yake Msukuma, mfugaji, Mzee Ng'washi, anayekaa nje kidogo ya mji. Wasukuma na Wanyamwezi ni watani, na mtani akija msibani anaweza kuchukua kitu cha wafiwa, akakaa nacho mpaka akombolewe mbele ya watu siku ya kumaliza matanga. Watu wanacheka kidogo, uchungu unapungua. Zamani angechukua kigoda au mwiko. Mzee Ng'washi aliona funguo kwenye swichi.

Hakuna aliyemweleza Venant, kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba mtu mzima wa nyumba ile anahitaji kuelezwa. Yeye utani aliouzoea Dar es Salaam ni wa maneno tu. Shangazi alipomwambia, alikuwa ameshasaini maelezo polisi. Naye Mzee Ng'washi, kusikia gari linatafutwa, aliliingiza zizini, akalifunika mabua ya mahindi, akakaa kusubiri kukamatwa.

Kwa hiyo Venant alibanwa. Akisema ukweli, rafiki wa baba yake anaweza kufungwa kwa wizi wa gari, na yeye mwenyewe kuulizwa kwa nini alidanganya. Akinyamaza, kampuni inalipa gari ambalo halijapotea, na hapo mwizi wa kweli anakuwa yeye. Alichagua kunyamaza. Bi. Josephina akamwita nyuma ya jiko.

"Mwanangu, gari lililofunikwa mabua halilipwi. Hilo la kwanza. La pili, mzee akifungwa kwa sababu amekuja kumlilia baba yako, mimi sina bima ya hasara hiyo."

Msidhani alikuwa ameamini. Habari ya jogoo nayo aliishuku. Ukoo unaoweza kuficha gari unaweza kutunga na jogoo. Alipanda bodaboda akaenda kwa Mzee Ng'washi peke yake, akafunua mabua, akakagua matairi, redio, betri, vioo. Vyote vilikuwepo. Kisha akafungua mlango na kukuta ndani kumefagiliwa, mazulia yamekung'utwa na kuanikwa kwenye uzio wa zizi. Mwizi hafagii gari. Ndipo alipomgeukia yule mzee, ambaye alikuwa amesimama na kofia mkononi.

"Nikilirudisha wananikamata, nikikaa nalo wananikamata," Mzee Ng'washi alimwambia. "Mimi nilikuwa namtania marehemu tu, mama. Yeye angecheka."

Bi. Josephina aliomba makao makuu wasubiri mpaka matanga yaishe, bila kueleza sababu, jambo lililozidi kututia shaka. Kisha akamwalika afande Enoka, aliyekuwa na jalada la kesi, na sisi pia. Alituambia sote maneno yaleyale, kwamba kuna kitu cha kuona kabla hatujaandika chochote zaidi. Tulikaa turubai moja, Deusdedit anamwangalia Bi. Josephina, afande anatuangalia sisi.

Venant alisimama mbele ya waombolezaji. Akasema gari halikuibwa, kwamba alikosea kuripoti wizi, na alipojua kosa akaogopa kulisema, na fidia aliyoiomba hataki tena. Alipokaa tu, Noah ikaingia polepole, mabua mawili matatu yamebaki juu ya paa, Mzee Ng'washi kwenye usukani ametazama mbele kama mtu anayejipeleka mahabusu.

Scola alikata njia na jogoo wake. Akaanza kumtukana mtani kama inavyotakiwa, kwamba ni mla ng'ombe wa watu, kwamba hata marehemu alikufa kwa kuchoshwa naye. Hapo mtani anatakiwa ajibu, tena kwa ukali zaidi. Mzee Ng'washi hakujibu. Midomo ilicheza bila sauti, macho yako kwa afande. Na utani wa upande mmoja si utani, ni matusi tu. Scola naye akanyamaza, na watu wote wakageuka kumtazama Enoka.

Afande alimtazama jogoo, akalitazama gari, akamtazama tena jogoo.

"Noah nzima kwa jogoo mmoja?" akasema. "Mzee, wamekupunja."

Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakatoka nje. Mzee Ng'washi aliketi chini papo hapo kwenye vumbi, akalia, halafu akaanza kumtukana Scola ipasavyo. Asubuhi iliyofuata Venant na wazee wa ukoo walifika kituoni, maelezo yakarekebishwa, jalada likafungwa. Kampuni haikulipa fidia. Tuliporudi ofisini Deusdedit alimwomba radhi Bi. Josephina, naye akamwambia asiombe radhi kwa kufanya kazi yake.

Tangu hapo kila mteja wa gari amesikia mahubiri yake, na tunayaweka hapa kwa faida ya wengine. Usiache funguo kwenye swichi, hata nyumbani kwako, hata msibani, maana kampuni inaweza kukukatalia fidia kwa uzembe. Ukigundua kwamba ulichoripoti sicho, sema leo. Kesho kitakuwa kimegeuka udanganyifu. Na kabla ya kukimbilia polisi, muulize shangazi yako.

Yeye mwenyewe funguo za Suzuki yake hajawahi kumwachia mtu. Gari likienda kwa fundi anakaa juu ya ndoo pembeni mpaka boneti lifungwe. Kanisani funguo zinakaa kiganjani, anapokea komunyo nazo. Ukimwomba akusogezee gari, anakusogezea yeye, wewe umesimama nje.

Sasa kuna jambo la sherehe ya kumuaga. Mzee Ng'washi ametangaza kwamba atakuwepo, na ametangaza hivyo kwa namna ambayo kamati haikuipenda. Bi. Josephina ni Mfipa, na kwa taratibu za kikabila sijui kama wale wawili wana utani wowote, lakini tangu siku ile mzee anamwita mtani wake na hakuna aliyethubutu kupinga. Kamati ilikaa ikaamua Suzuki ifichwe uani kwa Deusdedit. Tulipompelekea mpango huo, Bi. Josephina alikataa. Alisema gari litaegeshwa palepale mbele ya ofisi, na funguo ataziacha kwenye swichi.

Tulimuuliza mara mbili kama tumemsikia vizuri. Alisema ndiyo, kisha akaondoka kuelekea dirishani kulitazama gari lake, akiwa ametugeuzia mgongo.

Basi, Mama Josephina, asante kwa kila gari ulilolipigia magoti na kila mlango wa jikoni uliouingia kabla ya ule wa sebuleni. Asante kwa kutushuku sisi pia, maana ulitufanya tuwe waangalifu na tuwe wakweli. Pumzika vizuri, ule vizuri, ulale bila kuamka kukagua komeo. Usihangaike na funguo. Nyuma ya ofisi kuna jogoo mweupe, amefungwa mguu, tunamlisha mtama. Gari litarudi.