Mama Birika Aliyetanguliza Macho

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, familia imenituma mimi, mdogo wake aliyemfuata kuzaliwa, niwasomee safari ya maisha ya mpendwa wetu, ambaye kwetu alikuwa Dada, kwa wanawe alikuwa Mama, na kwa kila aliyewahi kunywa chai katika ofisi ya ramani alikuwa Mama Birika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba fundi seremala na mama mshona magunia, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana, na alipofikisha miaka saba alikabidhiwa ndoo, kama tulivyokabidhiwa sote, kuchota maji kwenye bomba la mwisho wa mtaa. Mama alikuwa akituambia kwamba ndoo iliyo kichwani haitaki kutazamwa, inataka utazame unakokwenda, na Dada alilishika neno hilo siku ya kwanza, akafika nyumbani bila kumwaga tone, wakati mimi nilikuwa nakodoa macho juu kuikagua ndoo yangu kila hatua, nikafika na nusu ndoo na gauni lililolowa chapachapa, jambo ambalo alinikumbusha kwa miaka sitini bila kuchoka.

Alianza shule ya msingi Januari 1964 na kumaliza Novemba 1970, na ripoti yake ya mwaka 1969, ambayo aliitunza kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa, imeandikwa na mwalimu wa ushoni kwamba mtoto ana bidii ila macho yake hayatulii. Mwalimu alikuwa amekasirishwa na binti ambaye sindano ikiwa hapa yeye anatazama kule mbele ambako sindano haijafika, lakini haikuelezwa kwenye ripoti hiyo kwamba mshono wake ndio uliokuwa umenyooka kuliko yote darasani. Mwaka 1973 na 1974 alisomea upishi na huduma za mezani, akafaulu.

Tarehe 3 Februari 1975 aliajiriwa kuwa mhudumu wa chai katika ofisi ya ramani, jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti, vikombe sitini na vinne asubuhi na sitini na vinne alasiri, na hapo ndipo watu walipoanza kushangaa. Kabla mkono wake haujanyanyua birika, jicho lilikuwa limeshatua kwenye mdomo wa kikombe, na kabla kikombe hakijajaa jicho lilikuwa limeshahamia kinachofuata, sikio tu likibaki nyuma kusikiliza chai inavyopanda, kwa hiyo wageni walidhani hatazami, kumbe alikuwa ametazama mapema kuliko wao. Kila mhudumu mpya aliyepewa kumfundisha, na walipita kumi na mmoja, alimwambia asilikodolee sinia analolibeba kama mtu aliyebeba bomu, aangalie mlango, halafu ngazi, halafu meza, mikono itafuata yenyewe kama watoto wanavyomfuata mama yao sokoni.

Sasa ofisini hapo palikuwa na dereva kijana, mtanashati, mdomo hauna breki, ambaye leo ameketi hapa mbele akiwa mgane wa dada yangu, na tutaendelea kumwita Dereva kwa sababu hata yeye mwenyewe jina lake amelisahau. Ijumaa ya tarehe 9 Septemba 1977, katika kikao cha wakuu wa idara zote na wafanyakazi wao, Dereva aliwekeana dau na mtunza stoo kwamba yule binti hamimini kwa kutazama, anamimina kwa mazoea tu, na ili kuthibitisha, jicho la Dada lilipokwisha kukiacha kikombe chake na kuhamia cha jirani, yeye akakisogeza shubiri moja. Loo! Chai yote ikamwagika pajani, Dereva akaruka na kiti chake, kikao kikavunjika kwa kicheko, na Dada, akiwa na aibu ya kufa mtu, akalia jikoni kutwa nzima. Jumatatu alfajiri Dereva alimkuta mlangoni pa jiko akamwomba radhi, akaomba radhi tena Jumanne, na kufikia mwezi wa kumi radhi zilikuwa nyingi kuliko kosa, sote tukaelewa.

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Desemba 1978, wakajaliwa watoto watatu, binti mkubwa aliyezaliwa mwaka 1980, mdogo wake wa kiume wa mwaka 1983 na kitinda mimba wa mwaka 1988, na wajukuu sita. Ndoa yao ilikuwa na kelele moja tu, nayo ni kwamba Dereva hakuwahi kurudisha kitu mahali pake, kisu utakikuta dirishani, funguo ndani ya kiatu, kikombe juu ya redio, na Dada aliimba wimbo huo kwa miaka arobaini mpaka majirani wakakijua kiitikio chake. Alistaafu tarehe 30 Juni 2016, akapewa birika la mezani kwa zawadi, na chai ya nyumbani akaendelea kuimimina yeye, hakuruhusu mtu mwingine kuigusa.

Mwezi Machi mwaka 2018, asubuhi moja mezani, Dereva aliona kitu ambacho hakuna mwingine angekiona, jicho la mkewe lilibaki kwenye kikombe. Lilikaa pale mpaka kikombe kikajaa, kisha akageuza kichwa kizima, taratibu, kukitafuta kikombe cha pili kilichokuwa pembeni kidogo tu, na mtu aliyeshika usukani maisha yake yote anamjua asiyeona ubavuni. Alimaliza chai yake, mchana akaja kwangu akalia kama mtoto, akaniapisha nisimwambie Dada kwamba ameona, kwa sababu Dada aliwahi kusema kwamba siku atakayoshikwa mkono kupelekwa jikoni kwake mwenyewe, siku hiyo ndiyo wamemzika.

Tarehe 22 Mei mwaka huohuo Dada aliaga nyumbani kwamba anakwenda kusuka nywele, akaenda kliniki ya macho, akaambiwa ni presha ya macho, imekula pande zote mbili na kilichobaki ni katikati tu, na aliporudi Dereva alimsifia kwamba amesukwa akapendeza. Jioni yake naye akaja kwangu, akaniapisha nisimwambie Dereva, mume wake ana moyo mwepesi, atashindwa kula. Nikawa mimi na viapo viwili, huyu akipiga hodi mbele nahofia yule atatokea nyuma.

Kuanzia hapo nyumba ile ikabadilika, birika likawa na mahali pake, kisu na mahali pake, kigoda hakikusogea, na vikombe vikageuziwa mikono upande wa kulia kila siku ya Mungu. Chupa ya dawa ya matone Dada aliificha ndani ya kopo la majani ya chai, na kila ilipokaribia kuisha Dereva, aliyekwisha kuigundua, alizua safari ya kwenda naye mtaa ule wa kliniki, mara anatafuta tairi, mara anamtafuta rafiki ambaye sote tunajua alishahama. Agosti 2020 binti mkubwa alikuja likizo, kwa upendo wake akalipanga upya jiko lote, na asubuhi Dada alipeleka mkono palipokuwa na mpini wa sufuria akakutana na moto, akaungua kiganja, na binti alipouliza kwa kilio kama Mama hakuona, Dereva alidakia kwamba yeye ndiye aliyeipiga kikumbo sufuria, akakubali kutukanwa na wanawe watatu kwa wiki nzima.

Ukweli wa macho watoto waliujua mwaka 2022, nao Dada akawaapisha wasimwambie baba yao, kijana akataka Mama ahamie kwake awekewe mtu wa kumhudumia, na Dada akakataa katakata, akasema jikoni kwake anaona vizuri kuliko wao wote. Akabaki, akamimina chai yake mwenyewe kila asubuhi, hadi moyo ulipoanza kumsumbua Novemba 2024, akalazwa tarehe 20 Februari 2025, na siku ya Jumanne tarehe 4 Machi, saa mbili na robo asubuhi, akatutoka, siku kumi kabla ya kutimiza miaka sitini na tisa.

Familia inawashukuru madaktari waliompigania, na wauguzi wa wodi ambao Dereva aliwaomba wasikisogeze kikombe cha mgonjwa kwenye kabati, nao wakatii zamu zote bila kumcheka, inawashukuru majirani waliopika na kufagia tangu Jumanne, na wafanyakazi wenzake wa zamani, ambao mmoja wao, mtunza stoo, amesafiri na fimbo yake kuja kumzika.

Limebaki jambo moja, na ni Dada aliyeagiza lisomwe baada ya shukrani, watu wakianza kujiandaa kuinuka. Shemeji, tangu juzi unaniuliza kama ulimkosea kwa kunyamaza, kama ameondoka akidhani miaka saba alibeba maradhi yake peke yake na wewe hukuona, nami nimekaa kimya nikikutazama unalia, unisamehe, nilikuwa nimeapishwa kiapo cha tatu. Jumapili hospitalini aliniambia kwamba alijua. Alijua tangu siku ile ya nywele, kwa sababu miaka arobaini hukuwahi kuona nywele zake hata siku zilizosukwa, ukaja kuzisifia siku ambayo hazikuguswa, na akajua zaidi ulipoanza kurudisha vitu mahali pake, maana mwanamume wa soksi juu ya meza haamki siku moja akapata adabu bure. Alinyamaza ili usiache. Akasema ulimhamishia kikombe mbele za watu, naye amechagua kukujibu mbele za watu, kwamba dau lile la mwaka 1977 ulishinda wewe, miaka hii ya mwisho alikuwa akimimina bila kutazama, kwa sababu alijua hakuna atakayekisogeza.

Leo asubuhi, kabla hatujatoka, nimekuona ukilitoa birika mahali wageni walipoliacha, ukalirudisha pake.

Dada, kila kitu kiko mahali pake. Pumzika kwa amani.