Udongo Mbichi: Tunamkumbuka Theonest Bakilana

Wasikilizaji wapendwa, hodi majumbani mwenu. Anayepika na apike, anayeshona na ashone, ila sogeeni kidogo karibu na redio. Leo nitamzungumzia mtu mmoja tu.

Wiki tatu zilizopita tuliwatangazia, kwa maneno machache, kwamba Theonest Bakilana amefariki dunia. Theonest Bakilana, karani wa ghala la mkonge pale bandarini, mkazi wa Temeke, mwimbaji. Alifariki Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, kwa ugonjwa wa mapafu uliomsumbua mwaka mzima. Alikuwa na miaka thelathini na saba. Amemwacha mkewe, Bibi Genoveva, na mabinti wawili. Siku ile sikuweza kusema zaidi. Leo nitajaribu.

Theonest alizaliwa Buhaya, karibu na Kamachumu. Baba yake alikufa angali mdogo, akalelewa na mama yake, Kokushubila. Mama huyu alimtembeza kwa miguu hadi shule ya misheni, maili nne, na jioni akamfuata tena, mpaka mapadri walipomwonea huruma wakampa mtoto kitanda cha bweni. Hapo misheni ndipo Theonest alipojifunza kuandika hati nzuri, na hapo ndipo alipoliona gitaa kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1946 alishuka Dar es Salaam kutafuta kazi. Alipanga chumba Temeke, kwa Mzee Kondo, seremala, Mzaramo wa hapa hapa. Mzee Kondo yu hai, na juzi nilikwenda kumwamkia. Akaniambia hivi:

"Yule kijana alikuwa na adabu, lakini gitaa lake lilikuwa linalia tu. Nikamwuliza, wewe Mhaya, mbona gitaa lako halicheki? Akanijibu, Mzee Kondo, sijalifundisha bado."

Wasikilizaji wapendwa, hakulifundisha mpaka mwisho. Nyimbo za Theonest hazikuwa za kuchezwa kwa mbwembwe. Zilikuwa nyimbo za mtu aliyekaa kitako akafikiri. Na wimbo uliompeleka katika kila nyumba yenye redio, na nyumba nyingi zisizo nayo, ni ule mnaoujua nyote: "Udongo Mbichi."

Tuliurekodi hapa studio mwaka 1953. Ni wimbo wa mtoto anayefika nyumbani na kukuta mama yake amekwisha zikwa. Mnakumbuka unavyoanza:

*Nimekuta udongo mbichi, mama,*
*nyayo za waliokubeba zingali wazi.*
*Habari ilikuja kwa kuchelewa, mama,*
*ikanikuta mbali, niko kazini.*

Wimbo huo ulitushika sote. Nadhani sababu yake si ngumu kuieleza. Mji huu umejaa watu waliozikiwa na wengine. Yuko hapa, mama yake yuko Songea. Yuko hapa, kaka yake yuko Kigoma. Siku akipata habari, kaburi limekwisha kuota majani. Mwalimu Wilbert wa Chanika alituandikia kwamba kila Jumapili alikuwa anatembea saa mbili kwenda kwenye duka lenye redio, kwa ajili ya wimbo huo mmoja, kisha anarudi. "Mama yangu nilimzika kwa barua," aliandika. "Huo wimbo ndio matanga yangu." Muuguzi mmoja wa Kinondoni alisema akiusikia huacha kufua, akakaa chini, akalia kidogo, kisha akaendelea kufua akiwa mwepesi.

Nao wote waliamini jambo moja. Waliamini kwamba habari ilimchelewea Theonest. Hata mimi niliamini hivyo.

Sasa nitawaeleza yaliyotokea mwaka 1956. Nawaeleza kwa ruhusa ya Bibi Genoveva, kwa sababu aliyaona kwa macho yake.

Kinondoni kulikuwa na duka la marehemu Mzee Zahor, Mwarabu mwenye duka la siku nyingi. Alikuwa na watoto wawili. Binti yake, Mahfudha, alikaa naye hadi dakika ya mwisho. Mwanawe, Abdulsamad, alikuwa akifanya biashara Tabora. Mzee aliugua majuma matatu. Abdulsamad alipelekewa telegramu mbili, hakutokea. Mzee akafa, akazikwa. Siku kumi baadaye Abdulsamad akashuka kwenye treni, akaja akabisha hodi. Dada yake hakumfungulia. Akarudi Tabora. Barua zake zilikuja, Mahfudha hakujibu hata moja. Miaka miwili wakawa hivyo.

Kisha Mahfudha akausikia "Udongo Mbichi" hapo hapo dukani, redioni. Akausikia mara moja, akausikia mara ya pili. Akajiambia, labda na ndugu yangu habari ilimchelewea. Telegramu hupotea, na treni nazo si za kila siku. Akachukua kalamu, akamwandikia kaka yake: njoo nyumbani.

Abdulsamad akaja. Wakapatana. Na Mahfudha akasema haifai kupata jambo kubwa namna hiyo bila ya kushukuru. Basi siku moja baada ya sala ya alasiri, dada na kaka wakaenda Temeke, wakauliza nyumba ya yule mwimbaji. Walibeba kikapu cha visheti.

Bibi Genoveva aliwakaribisha mkekani. Mahfudha akamweleza Theonest habari yote, tangu ugonjwa wa baba hadi siku ya kupatana. Akamaliza kwa kusema, "Bwana Theonest, wimbo wako umenirudishia ndugu yangu. Mungu akulipe."

Genoveva anasema mumewe alikuwa ameshika kisheti mkononi, akakirudisha kikapuni. Ndipo Theonest akasema:

"Bibi Mahfudha, shukrani hizi siwezi kuzipokea. Habari haikunichelewea. Telegramu ya ugonjwa wa mama ilinifikia siku ya Alhamisi. Treni ilikuwa Ijumaa. Ruhusa ya kazini nilikuwa nayo. Lakini Jumamosi kulikuwa na dansa ya alasiri hapa ukumbini, nami nilikuwa niimbe peke yangu kwa mara ya kwanza. Nikasema, mama ana nguvu, atanisubiri. Nikapanda treni ya Jumanne. Nilipofika Kamachumu alikuwa na siku mbili kaburini. Alikuwa ameuliza habari zangu hadi mwisho."

Genoveva mwenyewe alikuwa hajui. Miaka mitatu ya ndoa, hakuwahi kuambiwa.

Aliyejibu ni Abdulsamad. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama ukili wa mkeka.

"Hata mimi," akasema. "Dada, telegramu nilizipata zote mbili. Nilikuwa na mzigo wa ngozi unasubiri mnunuzi. Nikajiambia, kesho. Kila siku nikajiambia, kesho."

Wasikilizaji wapendwa, hebu fikirini mkeka ule. Mwanamke amekuja kushukuru kwa kurudishiwa ndugu, na msingi wa kurudiana kwao umeondoka pale pale mbele yake.

Mahfudha alisimama, akatoka hadi kibarazani. Genoveva akamfuata. Akamkuta ameshika nguzo. Mahfudha akasema, "Dada, nipe maji." Akanywa bilauri nzima. Kisha akauliza, "Wewe ulikuwa unajua?" Genoveva akasema hapana. Wakasimama pamoja wanawake wale wawili, mmoja wa Kinondoni na mmoja wa Temeke.

Mwishowe Mahfudha akarudi mlangoni. Akamwambia kaka yake, "Inuka, twende. Mambo haya utanieleza njiani. Yote, usiache neno." Na kwa Theonest akasema, "Bwana, mimi wimbo wako sitaukataa. Ila umeuacha nusu. Umalizie."

Wakaondoka kwa miguu. Kutoka Temeke mpaka Kinondoni si karibu, mnajua. Sijui walisemezana nini njiani. Ninachojua ni kwamba Abdulsamad alikaa kwa dada yake mwezi mzima, na mpaka leo, kila mwaka, hushuka kutoka Tabora kumsomea baba yake hitima.

Theonest akaumalizia. Ilimchukua majuma sita. Jumatatu ya Pasaka, mwaka ule ule wa 1956, kulikuwa na dansa ya alasiri katika ukumbi ule ule wa Temeke. Watu wakaomba "Udongo Mbichi," kama walivyoomba siku zote. Theonest akaimba beti zote zinazojulikana. Watu wakadhani amekwisha. Akaendelea. Akaimba ubeti mpya, ubeti unaosema kwamba habari haikuchelewa, aliyechelewa ni yeye, kwa ajili ya dansa ya Jumamosi katika ukumbi huo huo.

Mzee Kondo alikuwamo. Anasema ukumbi uliingia baridi. Mtu mmoja karibu na dirisha akasema, "Kumbe umetudanganya miaka mitatu." Mwanamke mmoja akamkamata mwenzake mkono, wakatoka. Wengine nao wakaanza kuinuka. Theonest akabaki amesimama na gitaa lake, hajitetei.

Ndipo Mzee Kondo aliposimama. Si mtu wa kuhutubia. Akasema:

"Jumamosi ile ya mwaka hamsini na mbili mimi nilikuwa humu ndani. Nilicheza mpaka shati likaloa. Nani mwingine alikuwamo?"

Mkono mmoja ukainuka. Kisha mwingine. Mzee Kondo anasema ilikuwa mikono ishirini au zaidi.

"Alipomaliza tulimwambia imba tena, imba tena. Sisi ndio tuliomwambia. Hatukujua, sawa. Lakini tulifurahi, na furaha ile tuliichukua kwa mama yake." Akamgeukia Theonest. "Imba tena, mwanangu. Safari hii tunajua tunachosikiliza."

Akaimba tena. Waliokuwa wameinuka, baadhi yao wakakaa. Baadhi wakaenda zao, na hiyo ilikuwa haki yao.

Wasikilizaji wapendwa, hapa nami ninalo langu la kusema. Theonest hakusema haya, wala kwa mkewe wala kwa Mzee Kondo, nami nimekaa nayo tangu nilipoyajua. Mwaka 1952 alikuwepo mtu wa redio aliyemwandikia Theonest kijikaratasi: Jumamosi nitakuja Temeke kukusikiliza, usikose. Mtu yule wa redio ni mimi. Hakuniambia juu ya telegramu. Aliimba, nikampigia makofi, nikampa mkono, nikamwambia njoo studio. Wimbo mliokuja kuupenda ulitoka katika Jumamosi hiyo.

Nilipopata habari za ule ubeti mpya nilimfuata ghalani kwake. Nilimkuta kati ya marobota ya mkonge, kalamu sikioni. Nikamwomba radhi. Akasema, "Wewe uliniita tu. Miguu ilikuwa yangu." Nikamwomba aje tuurekodi wimbo upya, ukiwa kamili. Akakataa kwa upole. "Ule si wa santuri," akasema. "Ule nauimba nikiwa nawaona watu usoni."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Miaka miwili iliyobaki aliuimba Temeke, akauimba Kinondoni, mara moja akaalikwa Mbagala. Kila mahali, watu walianza kumngoja baada ya kuimba, mmoja mmoja, wamwambie yao. Mmoja aliwahi kuwa na barua ya baba mfukoni asiifungue. Mwingine alimnyima dada yake jibu. Genoveva anasema mumewe hakuwa na ushauri wa kuwapa. Aliwasikiliza, akawaambia, "Pole. Twende nayo pole pole." Kifua kilipoanza kumbana alikuwa anawasikiliza akiwa amekaa kwenye kiti mlangoni. Ghala likampumzisha, watu hawakuacha kuja.

Alizikwa Jumatano, katika makaburi ya Wakristo, Temeke. Nilitazamia jamaa na majirani. Walikuja watu wa kujaa barabara, wa kanzu na wa suruali. Bibi Genoveva aliniambia, "Nilidhani nimeolewa na mtu mkimya asiye na rafiki. Siku ile nilipewa mikono na watu nisiowajua mpaka mkono wangu ukavimba." Mahfudha alikuwa naye jikoni tangu alfajiri. Waliokuwa wakibadilishana kushusha udongo, mmoja wao alikuwa Mzee Kondo, na jeneza alilipiga randa yeye mwenyewe.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tangu tulipotangaza kifo chake tumepokea barua sitini na nane. Karibu zote zinaomba kitu kimoja: tuupige ule ubeti wa mwisho. Hatunao. Haumo katika santuri. Nilimwuliza Bibi Genoveva kama upo katika daftari lake. Akasema hakuuandika popote.

Lakini wengi wenu mmeuandika katika barua zenu, kama mnavyoukumbuka, na hakuna barua mbili zinazolingana. Mwalimu Wilbert ameandika: *habari haikuchelewa, mama, uliochelewa ni mguu wangu.* Yule muuguzi wa Kinondoni ameandika: *treni haikuchelewa, mama, uliochelewa ni moyo wangu.* Na barua kutoka Tabora, ya Bwana Abdulsamad bin Zahor, ina maneno karibu yale yale. Ila pale wengine walipoandika *mama*, yeye ameandika *baba*.

Kwako Bibi Genoveva, kwa mabinti zako wawili, kwa ndugu wote wa Kamachumu, na kwako Mzee Kondo uliyemwita mwanangu: poleni sana. Msiba huu si wenu peke yenu. Mungu amrehemu Theonest Bakilana, na amweke pamoja na mama yake Kokushubila.

Nanyi mnaonisikia, naomba kila mmoja afikiri kidogo, bila kusukumwa na mtu. Yuko nani anayekuuliza uko wapi?

Sasa tutaupiga "Udongo Mbichi," kama tulivyourekodi mwaka 1953. Santuri ikifika mwisho sitasema neno. Tutaacha kimya kwa muda wa ubeti mmoja. Muda huo ni wenu. Anayeukumbuka ubeti wake, na auimbe pale alipo.