Mstari Nilioufuta: Wasifu wa Lukresia Nyangi Masatu (1974–2025)

Padri wetu, wana-Kibara, na ninyi mliotoka Musoma, Bunda na Butiama, poleni na msiba. Mimi ni Keraryo wa Mwitongo, mjomba wa marehemu, tumbo moja na mama yake. Shule niliishia darasa la nne, lakini kusoma nasoma kuliko wengi wenu, ndiyo maana karatasi hii nimeishika mimi. Stanislausi, kaka mkubwa wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi, najua utaigeuza karatasi yako mbele na nyuma ukitafuta mstari mmoja. Mlikuwa mmeandika: "Marehemu hakujaliwa mtoto, na ndoa yake ikavunjika." Mlinituma Bunda kuchapisha, nikamwambia binti wa steshenari aufute. Sababu nitaisema. Kaa utulie.

Lukresia Nyangi Masatu alizaliwa Jumatano, tarehe 6 Machi 1974, hapa Kibara, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Masatu na dada yangu Wankyo. Jina la Nyangi nilimpa mimi, la bibi yetu. La Lukresia lilitoka kanisani. Langu ndilo zuri zaidi, ila yeye aliyapenda yote mawili, na la tatu hakulitaka. Shikeni hilo hapo.

Alisoma shule ya msingi hapa Kibara kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Musoma hadi 1992. Asubuhi alianikaga dagaa kwanza ndipo aende darasani, na bado akawa wa pili au wa tatu. Hesabu nilimfundisha mimi mwenyewe. Ndilo somo pekee alilofeli.

Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na Burito wa Bunda. Burito hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kumsikiliza kila anayesema, isipokuwa mke wake. Miaka ikapita, mtoto hakupatikana, na mtaani wakamtafutia mke wake jina: Mgumba. Siku moja kwenye bomba la maji wifi yake akapaza sauti mbele ya foleni nzima, "We mgumba, sogeza ndoo!" Lukresia akaangalia kulia, akaangalia kushoto. "Mgumba simwoni, wifi. Labda kaenda sokoni. Hapa yupo Lukresia. Ulikuwa unamtaka nani?" Foleni ikacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nyumbani hawakucheka. Agosti 2003 akatolewa na sanduku moja. Nilimfuata mimi kwa baiskeli, nikampakia yeye na sanduku lake, kutoka Bunda mpaka kwetu Mwitongo. Mwenye kifua kama changu ajitokeze.

Hakukaa kulia. Mwaka 2005 alisomea ushauri nasaha, akaanza kazi Bunda. Mwaka 2011 alipelekwa Mwanza siku tisa kujifunza tiba simulizi. Aliporudi aliniambia, "Mjomba, kumbe nilichosema pale bombani kina kozi!" Akanieleza: mshauri anamsaidia mtu kuliweka tatizo pembeni, walizungumze kama mgeni aliyeingia bila kualikwa, kisha wanaitafuta siku ambayo mgeni huyo alikuja akamkosa mwenye nyumba, na habari ya maisha yake inaanza kusimuliwa kutoka siku hiyo.

Kuanzia 2012 alifundisha washauri wenzake kwenye ukumbi wa Kamunyonge, Musoma. Mwanzo haukuwa laini. Mwanafunzi wake mmoja, Silasi, alikwenda kwenye mazoezi akamuuliza bibi mmoja, "Bibi, hili tatizo lako linaitwa nani?" Bibi hakufikiri mara mbili. "Linaitwa mama Stellah, jirani yangu." Kabla ya mchana vijana wako mlangoni kwa mama Stellah na fimbo, wanamtafuta mchawi. Lukresia alisimama kwenye mlango ule mpaka wa mwisho akaondoka. Kisha akarudi Kamunyonge, akaandika ubaoni sheria yake mwenyewe, ambayo Mwanza hawakuwa nayo: "Tatizo lisipewe jina la mtu anayekula ugali. Na mtu asipewe jina la tatizo."

Mwalimu mwenzake katika kozi ile nilikuwa mimi, mteja wa mazoezi. Nilikuwaga mnywaji, mnajua, msijifanye wageni. Waliponiambia niipe pombe jina nikaiita Shemeji. Lukresia akakataa. "Mjomba, nina mashemeji wanne, na wote wanakula ugali." Basi nikaiita Saa Nne, maana ndiyo saa ya asubuhi ambayo kiu ya pombe ilikuwa inanifikia. Juni 2014, mbele ya washauri kumi na wawili, dada mmoja anaitwa Gloria akaniuliza, "Mzee Keraryo, kuna siku Saa Nne alikuja akakukosa?"

"Hakuna."

"Hata moja?"

"Nimesema hakuna. We ni kiziwi?"

"Basi nitasubiri," akasema, akaweka kalamu chini.

Akasubiri kweli. Mwisho mdomo wangu ukasema wenyewe, "Ipo. Siku niliyokwenda Bunda kumchukua mpwa wangu. Nilipita vilabu vitatu sikushuka kwenye baiskeli. Nilikuwa nimebeba mtu."

Lukresia alikuwa amesimama nyuma. Alijifuta uso, akasema, "Gloria, andika. Stori inaanzia hapo." Wakaniandikia barua juu ya siku ile, iko mfukoni mwa koti hili. Tangu hapo Saa Nne amenipata mara moja tu, Pasaka ya 2017, na hiyo tusiizungumze leo.

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na saratani ya titi. Aliipa jina la Gugu, kama lile gugu maji linaloziba mwalo wa mitumbwi: unang'oa leo, keshokutwa limerudi. Alitibiwa Mwanza na Musoma, na kati ya matibabu alifundisha kozi mbili, kilemba kichwani. Wiki ya mwisho nikiwa kando ya kitanda chake aliniambia, "Mjomba, wataandika kwamba sikujaliwa mtoto."

"Wewe unataka tuandike nini?"

"Ukweli. Sikuzaa. Nililia, semeni nililia. Lakini msiliweke mwisho kama muhuri. Na wanafunzi wangu msiwaite watoto wangu ili kunifariji. Wana mama zao."

Alifariki Jumanne, tarehe 16 Septemba 2025, mjini Musoma, akiwa na miaka hamsini na moja. Gugu lilichukua mwili. Jina halikulipata.

Basi, Stanislausi, ukweli wote nimeusema, hakuna niliouficha: hakuzaa, na alirudishwa. Ni mambo yaliyompata. Nimeyaweka katikati, mahali pake, pamoja na dagaa na hesabu. Nilichokifuta ni muhuri.

Marehemu ameacha mama yake, Wankyo. Kaka yake Stanislausi na dada yake Matrida. Watoto kumi na mmoja wa ndugu zake. Mimi mjomba wake. Na washauri mia moja arobaini na watatu aliowafundisha, ambao ni wanafunzi wake, na hilo linatosha.

Kila alipomaliza kazi na mtu alimuuliza, "Sasa nani amekaa kwenye kiti hiki?" na mtu akajibu jina lake mwenyewe kwa sauti. Leo ni zamu yake, naye hawezi kujibu, kwa hiyo tutamjibia. Simameni. Nani tunamlaza hapa?

Lukresia Nyangi Masatu.

Apumzike kwa amani. Atakayemwita jina lingine akumbuke kwamba mjomba wake bado hajapumzika.