Ndege ya Kupeleka Vitenge Shabunda

Benchi la Marcienne lina miguu mitatu na tofali moja, na tangu lipigiliwe misumari halijawahi kukubali kwamba duniani kuna jambo lisilowezekana. Liko Base Camp, hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kando ya barabara ya vumbi iendayo Mbarara, kati ya jiko la kahawa la Marcienne na mizani ya kuning'inia ya mnunuzi wa maharage. Wakaaji wake ni walewale. Yuko Elisée, Mkongomani aliyebeba mizigo kwenye uwanja wa ndege wa Shabunda, huko Kongo, enzi za ujana wake, ndiyo maana anaitwa Tour de Contrôle, yaani mnara wa kuongozea ndege, au Tour kwa mkato. Yuko Salvator, Mrundi aliyepitia kambi za Tanzania akatoka huko na methali begi zima asizojua pa kuziweka. Huyo ni Methali. Na yuko Musoni wa Mbarara, askari mstaafu aletaye ndizi kwa pikapu, kwa hiyo Afande. Jumanne hiyo asubuhi Pascaline, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, aliacha mashine yake akaja kukaa nao, na shida aliyokuja nayo haikuwa ya kupitishia muda.

– Nguo biko tayari, akasema. Sare za bamama bote na robe ya bibi harusi, Doriane. Harusi ni siku ya posho, na barabara imekatika. Nitabifikisha namna gani?

Siku ya posho ni Jumamosi, na Doriane ni mdogo wake wa mwisho, aliyemwacha Shabunda akiwa msichana wa kufungwa nywele. Akina mama wafanyabiashara wa soko la huko ndio walioagiza vitenge vya sare, na Pascaline hakuwahi kupata kazi kubwa kama hiyo wala ya mbali kama hiyo. Alishona mpaka vidole vikafa ganzi. Tatizo jingine hakulisema: simu ya Doriane haikupatikana tangu wiki iliyopita. Pascaline alijiambia ni chaji tu, akajiambia tena kila alipopiga.

– Shida yako ni kidogo, mama, akasema Tour huku akipuliza kahawa. Unakodi ndege.

Marcienne alicheka mpaka akamwaga sukari.

– Munacheka nini? Kule Shabunda bintu byote binatokaka juu. Chumvi juu, sabuni juu, bia juu. Ata padri alitoka juu! Mutoto wa kule anaonaka ndege mbele ya kuona kinga, baiskeli ile. Ndege ya mizigo haiko ya batajiri. Iko ya batu benye hawana barabara.

– Mie siamini, akasema Salvator. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kitu kinazunguka angani kutafuta mteja, si kibovu hicho?

– Nyinyi watu iko na bahati, akasema Afande, akitoa simu kama mtu atoaye bastola. Mimi iko na namba ya mutu ya Entebbe. Yeye kazi yake ni hiyo tu, kutafutia watu ndege ya mizigo. Siku moja alichukua pikapu yangu kubeba vifaranga. Ngoja napiga.

Akaiweka simu katikati ya benchi, sauti wazi, na vichwa vyote vikainama juu yake.

– Mzigo gani? ikauliza sauti ya Entebbe.

– Nguo za harusi, akajibu Pascaline, na aibu ikamshika palepale.

– Uzito?

Pascaline hakujua. Kitambaa yeye hukijua kwa mita.

– Nyabo, sikiliza. Ndege ya mizigo huwezi kukodi kiti, unakodi yote. Ni kama nyumba: ulale chumba moja, ulale vyumba vyote, nyumba ni yako. Na unakodi kwenda na kurudi, hata kama inarudi tupu. Sasa nipe uzito na kiwanja, mimi nitatafuta. Mwenye mali atasafiri na mali?

– Atasafiri! akapiga kelele Tour kabla Pascaline hajafungua mdomo.

– Basi mpime na yeye, ikasema sauti, ikakata.

Moyo wa Pascaline ukaruka. Yeye! Kuteremka Shabunda kutoka juu, kama chumvi! Alijua vizuri kwamba mtu mwenye mashine moja ya kushonea hakodi ndege. Alijua hivyo kwa kichwa. Lakini miguu yake ilikwisha kuvuka barabara kwenda kuchukua magunia, na alipokuwa akiyaburuta alijikuta anaimba.

Mnunuzi wa maharage alikuwa bado hajafika, kwa hiyo mizani ilikuwa ya umma. Wakatundika magunia yote kwa mpigo. Mshale ukasogea kidogo, ukasita, ukatulia karibu na mahali ulipokuwa.

– Apana! Tour akashika kiuno. Ndege muzima ju ya hii? Pilote atatucheka mpaka asahau kutua. Inapashwa ijae.

– Haba na haba hujaza kibaba, akasema Salvator, na kwa mara ya kwanza mwaka huu methali ikakaa mahali pake. Naweka maharage yangu.

– Mimi naweka matooke, akasema Afande. Watu ya Shabunda nakula matooke?

– Batakula, akasema Tour. Mie naweka godoro, ju ya maharusi.

– Basi na mie kahawa, akasema Marcienne. Na jiko. Wataipikia wapi bila jiko? Na hili benchi, wakae.

– Benchi haitoki! wakasema wote watatu.

– Nami natoa mbuzi, akasema Salvator, aliyekwisha kulewa ukarimu.

– Mbuzi mu ndege, Methali? akauliza Pascaline. Atapanda juu ya sare za bamama!

– Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Tutamfunga.

Likaja suala la kiwanja. Afande akasema Mbarara wana chao, pale Nyakisharara, mzigo uende kwa pikapu yake. Tour akatikisa kichwa kwa huruma.

– Mizigo iko hapa, ndege ikuye hapa. Ndege inaogopa nini? Kule kwetu inatuaka pa majani. Kuna fasi muzuri kule Ngarama, sawasawa kama meza.

– Mbio za sakafuni huishia ukingoni, akaonya Salvator.

– Munasikia? Tour akampiga bega. Hiyo ndiyo sheria ya pisti! Ndege inakimbia, inakimbia, ukingo usiwe karibu. Methali, weye ulisomea wapi?

Salvator, ambaye hakuwa amefikiria ndege hata chembe, akainua kikombe kama profesa.

– Na pilote ataionaje hiyo pisti? akauliza Pascaline. Haina alama.

Tour akafumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa yanang'aa.

– Ng'ombe, akasema. Ng'ombe za Afande, zile za pembe murefu. Tunazipanga mistari mbili, huku na huku, kutoka barabara mpaka kilima. Pembe ni mweupe, kutoka juu zinaonekana kama taa. Mie nasimama katikati na bitenge mbili mu mikono, nainua, nashusha. Ndege inaingia katikati ya ng'ombe polepole, kama bwana harusi mu kanisa.

– Na ng'ombe zikikimbia? akauliza Marcienne.

– Ng'ombe yangu? Afande alichukia kweli. Banange! Ng'ombe yangu mimi nasema simama, yeye nasimama. Ile ya mbele napiga saluti.

Pascaline alicheka mpaka akashika mbavu. Siku nyingi alikuwa hajacheka hivyo. Nani alikuwa na nafasi ya kufikiria simu isiyopatikana, wakati ng'ombe wa Afande wamejipanga hadi kilimani?

– Tumesahau kurudi, akasema Salvator. Yule wa Entebbe amesema inaweza kurudi tupu. Ni dhambi hiyo. Padri akisikia!

– Nani amesema irudi tupu? Mawese! akasema Tour. Mapipa ya mawese, ile mwekundu ya kwetu, mpaka mlangoni. Mie nitakuwa nauza mpaka Isingiro.

– Na mie mlango, akasema Salvator. Mbao za msitu wa kule hazioliwi na mchwa. Nataka mlango mmoja, mzito, wa kufunga nyumba yangu mpaka mwisho wa dunia.

– Mimi naleta kasuku, akasema Afande. Nafundisha yeye kusalimia kastoma.

– Na mie vikapu, akasema Marcienne. Nafasi inayobaki mniwekee vikapu.

Hivyo ndege ikajaa kurudi kabla haijajaa kwenda. Ikabaki kumpima mwenye mali.

– Ku Shabunda kupimwa haikosi, akaeleza Tour. Banapimaka mutu pa kilo ileile ya mizigo. Ata askofu alipimwa. Panda, mama.

Wakakunja turubai la mnunuzi wa maharage, wakalifunga pembe kwa pembe, wakalitundika kwenye ndoano. Pascaline akakaa ndani na kukunja magoti. Afande akahesabu kwa sauti ya gwaride, wakavuta kamba, na miguu ya fundi ikaachana na ardhi ya Nakivale. Mizani ikalia. Pascaline akapiga kigelegele, watu wa duka la pili wakatoka nje kuangalia, na turubai likaanza kuzunguka polepole.

– Usijitingishe! Mushale unacheza!

– Mgeni njoo, mwenyeji apone! akashangilia Salvator, akimsukuma kidogo mgongoni.

Wakati huo lori la watu wapya lilikuwa limepita kuelekea kituo cha mapokezi, na vumbi lake lilikuwa bado halijatua. Ndani ya vumbi hilo akatokea msichana aliyejifunga blanketi, mikononi ana beseni la plastiki. Hapa watu wa namna hiyo hupita kila siku, na wa benchini walimwona bila kumtazama. Akasimama kando ya mizani.

– Yambo yenu. Mama huyu munamufanya nini?

– Tunamupima, akasema Tour, macho kwenye mshale. Anasafiri na ndege ya mizigo, Shabunda. Anapeleka nguo za harusi.

– Harusi ya nani?

– Ya mudogo wake.

Msichana akalisogeza beseni kiunoni. Kisha akauliza taratibu, kama mtu aulizaye njia:

– Hiyo ndege ikirudi, iko na fasi ya mutu moja?

– Kurudi imejaa, akasema Tour. Mawese, mulango, kasuku, bikapu. Fasi imeisha.

Pascaline alikuwa amewapa mgongo. Sauti hiyo aliijua kwa simu tu, kwa miaka yote hiyo, na sasa ilikuwa nyuma yake bila simu. Alitaka kuruka, turubai likambana. Alitaka kugeuka, kamba ikamgeuza kwa haraka yake yenyewe: akaliona jiko la Marcienne, akaiona pikapu ya ndizi, akaiona barabara, kisha akauona uso. Ulikuwa umekonda na kujaa vumbi, na ulikuwa wa mama yao kabisa.

– Dada, akasema Doriane. Ni mimi huyu.

Waliomshusha hawakujua walimshushaje. Pascaline alianguka, akainuka, akamkumbatia mdogo wake pamoja na beseni. Alilia huku anacheka. Akamshika mabega, akamshika kiuno kwa viganja viwili, kifundi.

– Umekonda! Robe itakuwa mukubwa. Nitaipunguza hapa kiunoni, ni kazi ya asubuhi moja tu. Na bamama?

– Benye balitoka na mie bako ku lori. Bengine bako nyuma mu njia. Hakuna mwenye alibaki Shabunda wa kuvaa hizo sare, dada. Tulikimbia vita ile siku simu zilikufa.

– Na Gad? Bwana harusi yako iko wapi?

Doriane akaangalia beseni lake.

– Alituvusha muto. Akasema anarudi kuchukua mama yake, atatufikia. Tulingojea. Hakufika. Kisha Doriane akainua uso kwa Tour. Ndiyo nauliza, papa. Hiyo ndege ikirudi, mutu moja haiwezi kuingia? Haiko mukubwa. Ata mizigo hana.

Tour de Contrôle, mtu mwenye jibu la mvua na la serikali, akashika kamba ya mizani akaanza kuikunja. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumwambia binti huyu kwamba ndege haipo.

– Mie naondoa mlango, akasema Salvator. Hakuongeza methali.

– Kasuku nabaki, akasema Afande. Kasuku nakula sana.

– Vikapu si lazima, akasema Marcienne.

Tour akakaa benchini. Akaifuta midomo yake kwa kiganja.

– Na mawese yangu, akasema. Mapipa yote. Mutoe yote, akae muzuri.

Afande akachukua simu, akapiga Entebbe, akaiweka tena katikati ya benchi, na Pascaline akamvuta mdogo wake akae karibu.

– Mmepima? ikauliza sauti.

– Tumebadilisha, akasema Afande. Nguo imefika. Sasa iko mutu moja ya kuleta. Kijana. Mwepesi.

– Sawa. Ndege inamchukua wapi? Huyo mtu yuko wapi?

Afande akamtazama Tour. Tour akamtazama Doriane, na Doriane akamtazama dada yake. Sauti ikasema haloo, haloo. Marcienne akainamisha chupa ya kahawa ili walau wawe na kitu mkononi, halikutoka hata tone. Akainuka kwenda kuweka maji mengine jikoni, na hakuna mwingine aliyeondoka benchini.